Ugonjwa Usio na Wenyewe

Tangazo lilikuja kwa barua pepe Jumatatu moja saa nne asubuhi, umeme umekatika, nami nimekaa ofisini nikijipepea kwa karatasi ya mtihani ya mwanafunzi aliyefeli. Nililisoma kwenye simu. Wafadhili fulani wa ng'ambo walikuwa na fedha za utafiti wa afya, za miaka mitatu, na masharti yao yalikuwa mengi kama kawaida yao. Moja waliliandika kwa herufi nzito: kila chuo kikuu kilete ombi moja tu. Kikileta mawili, yote mawili yanatupwa bila kusomwa.

Nilicheka peke yangu. Chuo chetu ni kidogo, kiko pembeni mwa Garissa, kina maabara moja na hadubini nne, na kati ya hizo mbili ni za kuonyesha wageni. Huko bara, ng'ambo ya daraja la Tana, vyuo vina watafiti wasiohesabika wanaosukumana kwenye mlango huo mmoja. Sisi tungekuwa watatu. Nikajiambia, leo udogo umetufaa.

Niseme mapema nilichokuwa nakitaka, msomaji asije akadhani nilitaka cheo. Nilitaka dada yangu aambiwe kwamba hakuzini.

Mimi ni mtu wa mtoni. Hapa Garissa ukisema hivyo unaeleweka: ni sisi tunaolima migomba na miembe kwenye kingo za Tana, Waislamu kama majirani zetu, lakini si Wasomali, na wachache kiasi kwamba mwanasiasa akija kuomba kura hapotezi petroli kufika kwetu. Tulioga mtoni, tukanywa mtoni, tukafua mtoni. Utotoni wavulana wote tulikojoa damu. Hatukushtuka. Wakubwa walisema ni dalili ya kuwa mwanaume, na tulishindana nani ameanza. Kilikuwa kichocho, ugonjwa wa vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia mtoni, lakini hilo nilikuja kulijua nikiwa mtu mzima.

Mtoto wa kike hasifiwi kwa damu. Dada yangu, aliyenizidi miaka saba na aliyenilea mgongoni mama akiwa shambani, aliolewa na mwenye duka mjini. Mwaka wa tatu wa ndoa akaanza kutokwa na damu isiyokuwa ya siku zake, tumbo la chini likimkata, na mimba haishiki. Zahanati ilimtibu ugonjwa wa zinaa mara nne. Haikusaidia kitu. Mume wake hakuwa na dalili yoyote, kwa hiyo akapiga hesabu yake mwenyewe. Akamrudisha na sanduku lake, akamwambia mama, "Mtoto wenu ametushinda." Hakusema zaidi. Ingekuwa afadhali angesema, tungepata la kubishia.

Mama alimpokea. Alimpa chumba, akampa kipande cha shamba, na kikombe chake akakitenga.

Ukweli niliupata nikiwa masomoni Nairobi, maktabani, kwenye kitabu kinene chenye picha ambazo niliona haya kuzitazama mbele ya watu. Kichocho kile kile kinaweza kumjeruhi mwanamke ndani, akatokwa na damu, akaumwa, akakosa mtoto, na daktari asiyejua akamwandikia zinaa. Nilisoma ukurasa ule nimesimama. Likizo ilipofika nikaenda nyumbani na vidonge, nikasema ni dawa ya minyoo, kila mtu anywe, na mimi nikanywa wa kwanza mbele yao. Baada ya miezi kadhaa dada akasema ile dawa ya minyoo ni nzuri, tumbo limetulia.

Sikumwambia. Kwetu kaka hamwambii dada yake habari za chini ya kitovu. Utaanzia wapi? "Dada, ile damu yako"? Ulimi unakatika. Na mama nitamwambia nini, kwa maneno gani, mbele ya nani? Nikaahirisha mpaka likizo nyingine, na likizo ni nyingi. Ilipita miaka kumi na mmoja. Mama alifariki mwaka mmoja kabla ya lile tangazo, akiwa bado anaamini alichoambiwa na mwenye duka.

Kwa hiyo ombi langu lilikuwa hivi: wauguzi wa kike waende vijiji vya mtoni, wakae na wanawake, wawaeleze ugonjwa huu kwa lugha yao, wawapime na kuwatibu, na mimi niandike kilichoonekana. Dada yangu angekuwa miongoni mwao. Angeambiwa na mwanamke mwenzake, kwa heshima, mimi nikiwa mbali. Najua inavyosikika. Nilihitaji wafadhili wa ng'ambo, kamati, bajeti na kibali cha maadili ili dada yangu aambiwe sentensi moja.

Niliandika kwa wiki tano. Sikuwa na wa kunikatiza. Naishi peke yangu katika vyumba viwili nyuma ya msikiti. Mke niliyekuwa naye alirudi kwao zamani, na siku ya kuondoka alisema kuishi na mimi ni kama kuishi na kabati, lipo, limefungwa. Nilikasirika sana wakati ule. Sasa nikirudi kutoka kazini najikuta nasalimia chumba, na chumba hakiitikii, nami namwelewa kidogo.

Wenzangu wawili waliowania nafasi ile ni watu ninaowaheshimu. Mmoja anatoka Buna, kule Wajir, ofisi yake inapakana na yangu, yeye anatafiti homa inayotokana na maziwa mabichi ya ngamia. Wa pili anatoka Kutulo, kule Mandera, na kazi yake ni kifua kikuu cha wafugaji wanaohama kabla dawa hazijaisha. Wote wawili ni watafiti wazuri kuniliko, nasema bila kinyongo, au na kinyongo kidogo tu. Maombi yao niliyasoma. Ni kazi ambazo mtu yeyote mwenye akili angezipa fedha.

Kamati ilikaa siku ya Alhamisi. Ilianza asubuhi, ikapumzika kwa swala ya adhuhuri, ikarudi. Nilikuwa maabara, najifanya naosha vigae vya kioo vya hadubini ambavyo vilikuwa safi tangu jana. Kila mlango ukifunguliwa naokota kigae kingine. Mwishowe mwenyekiti akaja mwenyewe, mzee mpole mwenye ndevu za hina, akanishika mkono na kuubana kwa mikono yake yote miwili.

"Tumekubaliana kwa kauli moja," akasema. "Ni wewe. Mabruk."

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Kauli moja! Watu saba, na hakuna hata mmoja aliyepinga. Nilidhani wamesoma ule ukurasa wa kumi na moja, pale nilipoandika habari za mwanamke anayerudishwa kwao na sanduku lake, na kwamba umewagusa. Nilitoka chuoni kabla ya saa, nikaenda hoteli moja karibu na stendi ya mabasi, nikaagiza wali na nyama ya mbuzi na ndizi pembeni, chakula cha mtu mwenye sherehe. Nikatoa simu nimtafute wa kumwambia. Nilipitisha majina kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Wengine walikuwa wamehamia bara tangu hali ya usalama ilipochafuka, wengine ni mafundi wa friji, wengine ni wanafunzi wa zamani niliowapima damu tulipokwenda kambi ya wakimbizi ya Ifo. Dada nisingeweza kumpigia, maana angeuliza utafiti wenyewe ni wa nini. Nikaishia kumwambia mhudumu.

"Mashallah," akasema kwa lafudhi ya Kisomali. "Nikuongeze subu?"

Nikasema niongeze. Nikanywa supu yote.

Siku ya nne yule mwenzangu wa Buna aliingia ofisini na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia. Alisema amekuja kunisaidia bajeti, kwa kuwa yeye anazijua fomu za wafadhili wale, na kweli anazijua. Tulifanya kazi vizuri asubuhi nzima. Alinisahihisha bila kunidhalilisha. Nilifikiri, huyu ni mtu aliyeshindwa na bado anakuja na chai, mimi ningeweza hilo? Nisingeweza. Tulipomaliza nikamwuliza, kama mtoto anayetaka asifiwe mara ya pili, "Hivi kamati ilipenda nini hasa katika ombi langu?"

Akanitazama. "Kwani hawakukuambia?"

"Walisema kauli moja."

"Ndiyo, ilikuwa kauli moja. Walaal, ndugu yangu, wewe si mgeni hapa. Mimi nikipewa, watu wa ukoo wa upande ule watasema wameonewa. Yule wa Kutulo akipewa, wa kwetu watasema. Simu zilishaanza kupigwa. Wangekaa pale mpaka ramadhani. Halafu mzee mmoja akasema, kwa nini tusimpe huyu wa mtoni? Wewe huna watu. Ukipewa wewe hakuna anayekasirika." Akamimina chai. "Hata ugonjwa wenyewe hauna wenyewe. Maziwa ya ngamia yana wenyewe. Kifua kikuu kina wenyewe. Hicho kichocho, nani atagombana kwa ajili yake?"

Alisema kwa upole kabisa. Nadhani aliona ananisifu.

"Lakini walilisoma?" nikauliza.

"Kurasa arobaini, walaal? Kile kilikuwa kikao cha suluhu. Si cha kusoma."

Akaongeza kwamba yeye mwenyewe, kamati ilipompigia simu, aliunga mkono kwa moyo safi, wallahi, na kwamba suluhu ile imeokoa chuo. Nilimshukuru. Nilimshukuru kwa sauti ya kawaida, nikamsindikiza mpaka mlangoni, nikarudi nikakaa. Husemwa wapiganapo tembo nyasi huumia. Safari hii tembo walipatana, wakazipa nyasi zawadi, nami sikujua kama nishukuru au nitapike.

Mtu akinyimwa haki yake ana pa kulalamika. Mimi nilipewa, kwa sababu ambayo haikunihusu, nilalamike wapi? Ningekwenda kwa mwenyekiti niseme, mzee, mmenichagua kimakosa, nipeni tena lakini kwa sababu nzuri? Siku mbili sikuigusa ile chai. Ikaganda chupani, ofisi ikanuka, na bado sikuimwaga. Nilikasirishwa hasa na lile la kutosomwa. Kwamba sina watu, hilo nimelijua tangu shule. Lakini miaka kumi na mmoja nimekaa na jambo moja kifuani, mwishowe nimelitoa, nimeliandika, nimelikabidhi kwa watu saba wazima, na hakuna aliyefungua.

Na yote haya walinificha kwa heshima. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tangu Alhamisi watu walikuwa wakiniambia mabruk kwenye korido, kila mmoja anajua, na mimi naitikia kwa meno yote nje. Nilijiuliza ni watu wa namna gani wanaomwacha mwenzao atembee na uongo kwa sababu tu ukweli unaona haya kutamkwa.

Niliandika barua ya kujitoa. Ilikuwa barua nzuri, yenye Kiingereza cha hasira. Kabla ya kuipeleka nikafungua ombi langu nifute jina langu kwenye jalada, mkono ukateleza mpaka ukurasa wa kumi na moja. Nikausoma. Mwanamke yule nilikuwa nimemwandika bila uso, bila jina, anatibiwa zinaa na zahanati mara nne, anarudishwa. Nikawaza: nikijitoa, wale wawili watarudi kwenye kuvutana, siku ya mwisho itapita, chuo hakitapeleka kitu. Na huyu atabaki alipo. Kiburi changu kitakuwa kimetosheka, halafu? Nikaifuta barua.

Nililipeleka ombi Jumapili alasiri, joto limeshika mabati, mtandao unakuja na kwenda. Kwenye tovuti ya wafadhili palikuwa na kisanduku kinachouliza nani katika chuo ataiendeleza kazi hii mtafiti mkuu akiondoka. Hakikukubali kuachwa wazi. Nilikaa mbele yake muda mrefu. Nikaandika jina la yule wa Buna bila kumwuliza, kwa sababu ndiye mtu pekee aliyewahi kunimiminia chai katika jengo lile, nikabonyeza.

Jibu lilikuja baada ya miezi saba. Wametukubali. Waliambatanisha maoni ya wasomaji wao, watu ambao sitawajua kamwe, na mmoja wao aliandika mistari mitatu kwamba kurasa zinazohusu aibu ya wanawake zimeandikwa na mtu anayejua. Niliisoma mistari ile mara nyingi mno kwa mtu wa umri wangu. Chuoni wakachinja mbuzi. Mwenyekiti alinisifu kwenye hotuba, akakosea jina la ugonjwa, na hakuna aliyemsahihisha, mimi nikiwemo.

Kibali cha maadili kikatoka, wauguzi wawili wakapatikana, mmoja kutoka Hola anayesema lugha yetu kama mzaliwa. Kijiji cha kwanza nilichokiweka kwenye ratiba kilikuwa chetu. Dada nilimwambia tu kwamba kuna mradi wa afya ya maji, aje na wenzake, watapewa dawa.

Walikutana kwenye darasa la shule ya msingi, siku ya Jumamosi. Walikuja wanawake wengi kuliko madawati, wengine na watoto, mitandio imewafunika mpaka kiunoni. Mwanaume hakutakiwa ndani, na hilo lilinifaa. Nilikaa nje kwenye kivuli cha gari. Muuguzi alianza kusema, sauti ikawa inanifikia dirishani, nami nikainuka nikasogea mbali, karibu na tangi la maji, nisisikie. Ndiyo. Hata siku ile. Nilisimama pale natazama makorongo juu ya paa la jiko la shule, naomba Mungu yaishe, kama mtu anayengoja jino ling'olewe kwa mwingine.

Kwanza walicheka, maana muuguzi ni mcheshi. Halafu vicheko vikakatika. Halafu dada yangu akatoka, akatazama huku na huku, akaniona, akaja moja kwa moja. Ana miaka hamsini na kitu sasa na magoti yanamsumbua, lakini alikuja haraka.

"Ile dawa ya minyoo," akasema.

Nikageuka nikakaza bomba la tangi, ingawa halikuvuja.

"Ile uliyotuletea wakati bado unasoma. Ametuonyesha. Ni vidonge vile vile, vikubwa, vyenye uchungu."

"Ndiyo, dada."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Tangu siku ile."

"Tangu siku ile."

Nilimwambia nilikuwa naona haya. Nilimwambia sikujua nianzie wapi, kwamba nimefanya yote haya, gari, wauguzi, fedha, kwa ajili yake, ili aambiwe vizuri. Maneno yalitoka mengi kuliko niliyowahi kumwambia maisha yangu yote, na kila nilipozidi kusema nilisikia jinsi yasivyo na uzito.

"Ulimwonea haya nani?" akauliza. Hakupaza sauti. "Mimi? Mimi niliyekutawaza ukiwa mtoto?"

Nikainamisha kichwa.

"Mama alikufa mikononi mwangu akiniombea toba," akasema. "Usiku na mchana, mpaka pumzi ya mwisho. Mola amsamehe mwanangu alichokifanya. Na wewe ulikuwa umekaa pale mlangoni, unaitikia amin."

Ni kweli. Niliitikia. Mtu akiomba dua unaitikia, hiyo ndiyo adabu tuliyofunzwa, na nakumbuka kwamba niliitikia kwa sauti ili mama asikie kwamba nipo.

Ndani muuguzi aliita nambari yake. Dada akafunga mtandio wake vizuri, akaniacha pale kwenye tangi, akaenda kupimwa.